Kungumanga, Neno Tulilomwachia Hemedi

Nimekumbuka siku moja, mwanangu, tangu jana uliponiambia kwamba msaidizi wako Rehema anahama kazi, na kwamba unaona haya kumfungia namba yake ya siri ya kompyuta. "Bibi, ataona namshuku," ukasema. Jana chai ilikuwa moto na wewe ulikuwa na haraka. Leo kaa unisikilize, maana haya hiyo naijua mimi, iliwahi kumtia mtu mashakani.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Nilikuwa karani wa simu katika kampuni ya malori hapa Bagamoyo, msichana mwenye saa ya mkono, najiona sina mwenzangu mji mzima. Malori yetu yalijaza dizeli Chalinze kwa Mzee Kondo, mwenye pampu. Mapatano yalikuwa kwamba yeye hatoi hata tone mpaka apigiwe simu kutoka kwetu, na anayepiga ataje neno la siri. Neno lenyewe lilikuwa kungumanga, kile kiungo cha jikoni. Tajiri wetu, Bwana Nassor, alilichagua kwa kuwa, alisema, hakuna dereva atakayeitaja kungumanga kwa bahati mbaya. Tuliolijua tulikuwa wanne tu: Bwana Nassor, Mzee Kondo, mimi, na karani mwenzangu Hemedi.

Simu za siku zile, mwanangu, usiniulize. Laini inakoroma, mtu wa Chalinze hakusikii mpaka mishipa ya shingo ikutoke.

Basi Hemedi akapata kazi kubwa zaidi Kerege, kwenye ghala la korosho. Tukamuaga vizuri. Tulinunua halua na kahawa, Bwana Nassor akamwombea dua, mimi nikalia kidogo, maana tulikuwa tumezoeana kama ndugu. Watu walipotawanyika, Bwana Nassor akaniuliza, "Saada, neno lile tulibadili?"

"Ya nini, bwana!" nikamjibu. "Hemedi ni mtoto wa hapa hapa. Akisikia tumebadili siku aliyoondoka, si tumemtukana?"

Bwana Nassor akasema, "Haya, kama unavyoona wewe." Nami nikaenda kwetu nimeridhika, najisifu kwa adabu zangu.

Haukupita mwezi, Mzee Kondo akapiga simu kuuliza yale malori yetu ya kukodi yanakwenda wapi, mbona yanakunywa dizeli namna ile. Bwana Nassor akashtuka. Malori gani ya kukodi? Sisi hatukuwa na lori la kukodi hata moja! Kumbe mtu alikuwa akimpigia Mzee Kondo, akitaja kungumanga, na lori la mtu mwingine likija linajazwa mpaka shingoni.

Tukahesabiana. Mzee Kondo ndiye aliyetuambia, kwa hiyo si yeye. Bwana Nassor hawezi kujiibia. Mimi nipo mbele ya macho yake kutwa. Nani amebaki? Bwana Nassor akaandika barua Kerege siku ile ile. Moyoni nilijua Hemedi hawezi, wallahi nilijua, lakini nilinyamaza, kwa kuwa ningemtetea Hemedi ningebaki mimi peke yangu. Hilo namwomba Mungu anisamehe hadi leo. Tajiri mpya wa Hemedi akamwambia akakae nyumbani mpaka jina lake lisafike, na kama halitasafika asirudi tena.

Siku ya tatu akaja ofisini mama yake Hemedi, Bi Mwanakheri, mshona kofia, mwanamke mfupi ambaye mtaa mzima ulimwogopa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, lakini kiti alikikataa.

"Siku mlipomuaga mwanangu mlimpa halua," akasema. "Aliniletea, nikala na mimi, tamu kweli. Lakini neno lenu hamkulipokea. Mmemtoa kazini nusu, nusu nyingine mkaiacha mdomoni mwake. Sasa mnamuuliza kwa nini mdomo wake unanuka kungumanga!"

Nikamwambia, "Mama, niliona haya. Sikutaka adhani namwona mwizi."

"Na hiyo haya yako ndiyo iliyomfanya mwizi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Wewe umemchelea mwanangu, na ninayelia ni mimi." Kisha akasema polepole, "Mngelibadili siku ile, leo asingehitaji hata kuapa. Angesema tu, silijui. Ulikuwa na kinga yake mkononi, binti yangu, ukamnyima kwa kumpenda."

Nililia mbele yake bila kujificha. Nikakimbilia kwa Bwana Nassor, tukachagua neno jipya. Yeye mwenyewe akapanda basi kwenda kumpa Mzee Kondo sikioni. Aliporudi nilimfuata Bi Mwanakheri nyumbani kwake kumweleza kwamba tumefanya alivyosema. Kwa furaha nikafungua mdomo nimtajie na neno lenyewe. Loo! Akaziba masikio kwa mikono miwili, kofia na sindano zikaanguka chini. "Hujasikia hata nilichokwambia?" akafoka. Nikaokota sindano nikaondoka na aibu yangu.

Siku chache baadaye Hemedi akaja ofisini kujitetea. Ameketi mbele ya Bwana Nassor, kofia mapajani, amekonda, macho hayainui. Bwana Nassor hata hajaanza kusema, simu ikalia. Ni Mzee Kondo. "Kuna mtu amenipigia sasa hivi," akasema, "ananitajia kungumanga. Nimemwambia alete lori. Na hapa nimeketi na askari wawili wa kituo cha jirani, tunamngoja."

Nikarudia maneno yale kwa sauti, kila mtu akasikia. Bwana Nassor akamtazama Hemedi, yule pale, hana simu wala lori, ana kofia tu. Akainuka, akamshika mkono, akasema, "Niwie radhi, mwanangu." Hemedi akalia kama mtoto, na mimi naye.

Mwizi alikuwa dereva mmoja wa lori la watu, mnywaji kahawa kwenye baraza chini ya dirisha langu la ofisini. Askari walipomuuliza neno amelipata wapi, akashangaa. "Siri gani hiyo? Yule binti hulipigia kelele mtaa mzima!" Kumbe hata paka wa uchochoro ule alilijua. Tangu siku hiyo nilipiga simu dirisha limefungwa, joto likanipika nikavumilia.

Hemedi alirudi Kerege kazini kwake, kichwa juu. Bi Mwanakheri alipofariki nilikwenda kumlilia kama mama yangu, na kila nikisoma dua namtaja, maana alinifunza kitu ambacho adabu zangu zote hazikunifunza. Nilipoolewa nikaacha kazi, siku ya kuniaga nilikataa kuigusa halua mpaka neno libadilishwe. Nikasimama nje ya mlango, wao ndani wakinong'onezana. Mpaka leo silijui neno lililofuata, na sijui kama kuna siku nimetoka mahali na moyo mwepesi kuliko siku ile.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Anayeingia mpe ufunguo wa mlango wa kazi yake, usimpe wa nyumba nzima. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, hapewi ghala. Anayetoka muage vizuri, mlishe, mwombee, na kabla hajamaliza kunawa mikono mpokee kila alichokuwa nacho, mbele yake, kwa tabasamu. Mwambie Rehema kwamba hufungi kwa kumshuku. Unafunga ili siku likitokea la kutokea, Rehema aseme "sina" na watu wamsadiki.

Nenda mpigie sasa hivi, na dirisha ufunge. Mola akujaalie uingie mahali kwa heri na utoke kwa heri, na kila anayepita mikononi mwako aondoke na jina lake jeupe. Amin.