Siku Paa Lilipoondoka Kijijini

Mwaka tuliohamishwa kwa ajili ya malale, sikuwa nimemaliza mwaka katika ndoa, nina mimba yangu ya kwanza, na mkaidi kupita kiasi. Serikali ya Mwingereza iliamua kwamba kijiji chetu, huko upande wa Tura, kimejaa mbung'o, na kwamba sote tuondoke kabla ya mvua. Hakuna aliyebisha sana. Tulikuwa tumekwisha kumzika shemeji yangu, ambaye ugonjwa ulimwanza kwa kusinzia shambani huku ameshika jembe.

Kilichotutia hofu ni kule tulikopelekwa. Msitu wote ulifyekwa, kwa sababu mbung'o hapendi mahali peupe, na viwanja vikapimwa kwa kamba vikanyooka. Kazi nzuri, sikatai. Ila walipoondoa msitu waliondoa pia miti ya kujengea na nyasi za kuezekea. Mume wangu alikwenda akasimamisha kuta za udongo, akarudi na habari kwamba kuta ziko tayari lakini hazina kichwa. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

"Mama," nilimwambia mama mkwe, "mimi nitazalia mvuani?"

Aliyatazama mawingu, kisha akamgeukia mumewe.

Jibu lilitoka kwa baba mkwe. Aliizunguka nyumba yangu, msonge mdogo wa duara alionijengea nilipoolewa, akigongagonga fito za paa. Kwa heshima, mimi na yeye hatukuzungumza tukitazamana, kwa hiyo alimwambia mkewe, "Mwambie mwenzio atoe vyombo vyake. Paa tunakwenda nalo."

Nilidhani uzee umemwingia kichwani.

Asubuhi walikata kamba zilizolishikilia kwenye nguzo, wakapitisha miti mirefu chini yake. Wanaume wengine waliingia ndani, wengine wakashika kwa nje, wakainua kwa pamoja. Nilijishika mdomo. Nilikuwa nimelala chini ya paa lile miezi yote hiyo bila kulitazama hata mara moja. Sasa niliona fito zilivyofungwa duara juu ya duara kwa kamba za magome, kila ufito ukiubeba mwenzake, hakuna hata msumari, na paa zima likakaa hewani bila kupinda. Kisha likaondoka kijijini, limeota miguu ya watu.

Tulifuata njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita babu zetu na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani. Baba yake baba mkwe alikuwa mpagazi. Mzee alitembea mbele akiwaongoza waliokuwa ndani, wasioona kitu.

"Shimo kushoto," alisema. "Badili bega."

Wakabadili wote mara moja. Walipumzika mara kwa mara, wakanyanyua tena. Mimi nilikuwa nyuma na mama mkwe, na kwa kushangaa nilisahau uzito wangu mwenyewe.

Uchungu ulinishika katikati ya safari, na mvua nayo ikachagua wakati huohuo. Mama mkwe alipaza sauti, paa likatuliwa palepale njiani. Waliokuwa ndani wakabaki humo, wakavu, wakituchungulia.

"Tokeni," alisema baba mkwe. "Hicho ni chumba cha mkwe wangu."

Wakatoka wakitambaa, sisi wanawake tukaingia. Upepo ulikuja kwa nguvu, nikajua sasa paa linakwenda. Halikwenda. Katika upenyo wa chini niliona visigino vimelizunguka pande zote. Baba mkwe na wenzake walikuwa wamelipa paa mgongo, wamelishika ukingo kwa mikono yao, mvua ikiwapiga usoni. Nyasi zilinguruma juu yangu na tone halikupita. Nililia, wala si kwa uchungu peke yake.

Binti yangu alizaliwa kabla mvua haijakatika. Jioni paa liliwekwa juu ya kuta zake mpya, likazidi kidogo upande mmoja. Karani wa viwanja alianza kusema kwamba nyumba ya duara inaharibu mstari, akamwona mtoto, akaenda zake.

Binti huyo sasa ana wajukuu. Wakimtania kwamba alizaliwa barabarani kama mwanambuzi, hukasirika. Hasira hiyo ameirithi kwangu.

"Nilizaliwa nyumbani kwetu," huwaambia. "Nyumba ndiyo iliyokuwa njiani."