Gia za Digna na Matope ya Katindiuka

Watu wengi hudhani chombo kinachotumia umeme na petroli kwa pamoja lazima kibuniwe ng'ambo, sisi tukipokee kikishachoka. Digna hakubaliani nao, na mimi niko upande wake. Katika karakana yake hapa Ifakara amebuni kisanduku cha kompyuta kinachochagua gia na kuamua nani avute, mota ya umeme au injini. Alikifunga kwenye guta la magurudumu matatu la mjomba wake, Valeriani, anayebeba mpunga.

Kwenye lami ya kwenda Sanje kilifanya kazi vizuri. Kwenye udongo mweusi wa Katindiuka, guta lilikwama mara mbili.

"Shikamoo, mjomba," Digna akamsalimia walipokutana tena kando ya tope hilo.

"Marahaba. Mtambo wako unaogopa matope kama bibi harusi. Leo ukinikwamisha, uung'oe, unirudishie gia zangu. Mavuno hayanisubiri."

Kosa Digna alikuwa ameshaliona, nalo lilikuwa lake. Sensa ya mwendo, yaani kifaa cha kupima kasi, aliifunga kwenye magurudumu ya nyuma. Yakizunguka bure topeni, kompyuta ilidhani guta linakimbia, ikaweka gia kubwa na kuiachia injini kazi. Injini ikazimika. Sasa ameongeza sensa kwenye gurudumu la mbele, ambalo husukumwa tu. Ya nyuma yakizunguka na la mbele limetulia, kompyuta ijue huo ni utelezi, ibaki kwenye gia ndogo, mota ivute taratibu.

Mjomba akaingia topeni na magunia yake. Alipofika katikati, Digna akapaza sauti.

"Simama hapo!"

"Nisimame? Una akili wewe? Watu hapa wanapita wamebana pumzi!"

"Usiposimama hatutajua kama linajinasua, mjomba."

Akasimama, akinung'unika kwa Kipogoro. Kisha akavuta mkono wa mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka, yakarusha tope mpaka kwenye gauni la Digna. Safari hii kompyuta haikuiwasha injini. Mota ililia kwa sauti nyembamba, gia ikabaki ileile ndogo, na guta likaanza kusogea, likasogea, likatoka.

Mjomba hakugeuka mpaka alipofika pakavu.

"Kisanduku kibaki mpaka mpunga uishe," akasema. "Baada ya hapo tutaongea."

"Tuongee nini tena, mjomba?"

"Panda twende."

Digna akapanda juu ya magunia, akafungua kisanduku kutazama kama maji yameingia.