Majani ya Mgomba Juu ya Rangi Mbichi

Wenseslaus, fundi rangi wa Kibosho, aliingia uani kwa mteja wake akakuta gari limefunikwa majani ya mgomba kuanzia boneti hadi buti, kama ndizi zilizovundikwa.

Jana jioni alikuwa ameliacha linameremeta: gari jekundu la mbio, la milango miwili, ambalo Shedrack alikuja nalo kutoka Dar kwa ajili ya harusi yake. Mawe ya barabara ya Kibosho yalikuwa yamelikwangua mbele kote. Wenseslaus akapiga msasa, akaziba mikwaruzo, akapuliza nyekundu, kisha mistari miwili myeupe juu ya boneti, imenyooka huna la kulaumu. Siku tatu nzima! Leo alikuja kubandua tepu za kingo za mistari tu, halafu akimbie parokiani. Saa tatu binti yake Zita anapata kipaimara, naye alimwahidi kukaa benchi la mbele. Siku ya komunio ya kwanza ya mtoto, baba alikuwa mbali Tarakea anapaka lori la watu. Zita hajasahau.

"Nani kafanya hivi?" akafoka, hata shikamoo hakuitoa.

Mama Mektrida, mama yake Shedrack, akatoka jikoni. "Ni mimi, baba. Umande ulikuwa unashuka, nikasema lisilowe."

Akavuta jani moja. Likang'oka na rangi. Utomvu ulikuwa umechuruzika kwenye mistari, madoa matupu. Utomvu wa mgomba hautoki hata kwenye shati, sembuse rangi mbichi!

"Mama, ungeniua tu tukajua moja!"

Msasa upya, tepu upya, kupuliza, kusubiri ikauke: masaa manne hayo, na bibi harusi anafuatwa saa saba. Shedrack akaja mbio na kaptura, akabembeleza weee. Wapi! Wenseslaus akazoa vifaa vyake. "Kodi teksi, bwana. Mimi nina mtoto kanisani."

Alikuwa ameshafika getini Mama Mektrida alipomkimbilia, bibi wa watu anahema, isale mkononi. Ni lile jani la kuombea msamaha, na huku mlimani likishaletwa halikataliwi.

"Nimekosa, baba. Pokea."

Mungu wangu, angefanya nini? Akalipokea, akalitia mfuko wa shati, akarudi kwenye msasa huku anatukana kimoyomoyo. Saa tatu kengele ya parokia ikalia. Akageuza kichwa kuelekea kanisani, akaharibu ukingo wa mstari, akafuta, akaanza tena.

Saa sita alifika nyumbani, vidole vyeupe kwa rangi. Zita alikuwa ameketi kizingitini na gauni lake jipya. Hakumwangalia.

Wenseslaus akachuchumaa mbele yake. Akatoa lile isale mfukoni, limeshanyauka, akamnyooshea mwanawe kwa mikono miwili.

"Nilikuwekea nafasi mbele," Zita akasema. "Watu walitaka kukaa, nikawaambia baba anakuja."

Kisha akalipokea, kwa kuwa halikataliwi, akaingia ndani.