Chapa Juu ya Chapa

Mwaka ule serikali ilipotukusanya katika kijiji cha lazima, nje kidogo ya mji wa Garissa, nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijiona mwenye akili kuliko ukoo mzima. Nilikuwa nimesoma, nilijua Kiswahili, na kwa hiyo niliwekwa langoni kuwatafsiria askari maneno ya wazee, na wazee amri za askari. Ngamia walitoka asubuhi kwenda malishoni na ilibidi warudi kabla ya jua kuzama.

Ngamia wetu wote walikuwa na chapa ya ukoo shingoni, na hapo ndipo ulipoanza ugomvi wangu na baba. Kulikuwa na watu wa ukoo wetu, wengine hata hatujawahi kuwaona, waliokuwa porini na bunduki upande wa Diff, mpakani, wakipigana na serikali; askari waliwaita shifta. Ngamia wao walikuwa na chapa ileile. Askari wakikamata mnyama mmoja wa shifta, kesho yake walichukua kila ngamia mwenye alama hiyo.

"Tuwapige chapa yetu wenyewe," nilimwambia baba. "Serikali ijue hawa ni wako, si wa ukoo."

"Aabo," alisema, maana kwetu baba na mwana huitana hivyo, "ngamia asiye na alama ya ukoo akipotea, nani atamrudisha?"

"Na akichukuliwa na jeshi, nani atamrudisha?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyekosea nyumba, akaenda zake kwa ngamia. Afadhali angenichapa.

Basi Ijumaa, alipokwenda msikitini, nikapasha chuma moto. Ngamia watatu waliokuwa wakikamuliwa nikawachoma herufi ya kwanza ya jina la baba, juu kabisa ya chapa ya ukoo. Baba aliporudi aligusa kidonda cha mmoja wao kwa kidole, akaingia ndani.

Jumatatu, mimi na baba tukiwatoa ngamia, tukakuta askari wapya langoni. Msomi mzima sikuwa nimewaza jambo ambalo kila mchungaji wa kwetu analijua: chapa mbichi juu ya chapa ya zamani ni kazi ya mwizi. Sajenti wao alilijua, kwani kwao pia walikuwa wafugaji.

"Hawa wameibwa," alisema. "Na hii ni herufi. Aliyewachoma anajua kuandika, na leo atalala ndani. Muulize mzee kama ni ngamia wake."

Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Nikamtafsiria baba kwa Kisomali, halafu nikaongeza yangu harakaharaka: "Sema ni wako, aabo. Sema umewachoma mwenyewe." Hayo nayaandika kwa aibu.

Baba hakunijibu mimi. Alimgeukia sajenti akasema Kiswahili, lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiitamka hata siku moja.

"Ngamia hii hapana yangu. Hii chaba mimi hapana jua."

"Na huyu kijana ni wako?"

"Hapana. Huyu karani ya serikali."

Ngamia watatu wakaswagwa kuelekea kambini, nasi hatukuwaona tena.

Angekubali kuwa ni wake, angefungwa yeye. Angenitaja, ningefungwa mimi. Hesabu hiyo naielewa. Nisichokielewa ni uso wake aliponikana, kwa sababu haukuwa uso wa mtu anayesema uongo. Ulikuwa umetulia, kama wa mtu aliyetua mzigo. Je, aliniokoa, au alichoka nami? Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao siku ile, na nikiliwaza jambo hili kichwa bado kinanizunguka. Mara namshukuru, mara namkasirikia, wakati mwingine yote kwa pamoja.

Magharibi ile nyumba nzima ilikuwa na kikombe kimoja tu cha maziwa, ya mbuzi. Mama alimpelekea baba. Baba alikitazama, akamrudishia.

"Mpe karani kwanza," alisema.

Niliyanywa yote, na wadogo zangu wakinitazama. Karani ndilo jina aliloniita mpaka alipokufa, mbele ya wageni na mbele ya wanangu, na sikuwahi kuthubutu kumuuliza kama alikuwa akinitania.