Mtungi Ulioanikwa Juani

Gesi ikipita kwenye tundu dogo inalia kama nyoka aliyekanyagwa. Mlio huo nimekua nao hapa hapa Dubai, uani kwetu Deira, kiangazi kile mdogo wangu Zuwena alipokuwa hajajua hata kutambaa. Baba alijaza mitungi ya kuzimia moto, na tajiri wake, arbab mmoja mpenda shabaha, alimletea vimtungi vya bastola yake ya gesi avijaze nyumbani. Kimtungi kitupu kililazwa kwanza kwenye friza, katikati ya kamba na nyama ya mbuzi, kipoe. Kisha Baba aliupindua mtungi mkubwa kichwa chini juu ya stuli, akavifunga pamoja, akafungulia. Kikijaa alikipima kwa mizani ya unga ya Mama, na kikizidi uzito alikipumulisha gesi kidogo. Alituambia lazima ibaki nafasi ndani, maana gesi ile ikipata joto inavimba, na chuma hakivimbi.

Siku moja alikuwa amejaza, bado hajapima, jirani akapiga kelele nje, gari limezama mchangani. Baba akaenda kusukuma. Bibi, mama yake Baba, akapita akakiona kimtungi mezani kinatiririka maji, barafu inayeyuka. Sasa Bibi yangu, kitu kikiwa majimaji, kiwe papa, godoro au kiatu, dawa yake ni jua. Akakichukua akakianika juu ya ukuta, jua la Dubai la saa sita, jua la kukaangia yai. Chini ya ukuta, kwenye kivuli chembamba, Zuwena alikuwa amelala kwenye kigodoro chake.

Baba akarudi. "Kimtungi kiko wapi?"

"Kilikuwa kinatota, nimekianika," Bibi akasema. "Shukuru, kingeshika kutu."

Sijapata kuona uso wa mtu mzima ukiisha damu vile. Mama alitaka kumkimbilia mtoto, Baba akamshika kanga akamrudisha nyuma. "Asitoke mtu!" Akamgeukia Bibi. "Mama, nawe ingia ndani."

"Wewe mwanamume mzima unaogopa kikopo?" Bibi akamcheka.

"Mama, nakuomba. Ingia."

Ile sauti ndiyo iliyonitia hofu, maana Baba hakuwa na desturi ya kumwomba mtu. Akaenda ameinama, ubavu wake ukisugua ukuta, asikitikise. Mimi mlangoni nilijikojolea, mkojo ukanichoma miguuni kwa moto wa sakafu, na sikusogea. Nilimwangalia Zuwena, mdomo wazi, mate shavuni, na kile chuma juu yake kinang'aa. Baba akashika pembe ya kigodoro akaanza kukiburuta polepole, polepole, nikatamani kumpigia kelele afanye haraka. Alipokanyaga kizingiti, kimtungi kikapasuka. Moshi mweupe ukajaa ua, kimtungi kikaruka ukuta kwa ukuta, kikagota palepale kilipokuwa kigodoro, kigae kikawa unga. Bibi aliketi chini kama gunia. Akampakata Zuwena hadi jioni, hataki kumpa mtu, hata Mama mwenye maziwa alimwomba mara nyingi.

Leo mjukuu wetu Salha anashindana kwa bastola ya hewa, na mkono wake hautikisiki, nasema bila haya, hakuna binti wa kumfikia. Kimtungi chake kinajazwa klabuni kwa hewa tupu, kina saa ya kuonyesha nguvu ya hewa, mwalimu amesimama kando. "Bibi, khalas, basi, hiki si kile cha zamani," ananiambia, nami namwamini. Lakini wakikifungulia kwenye mtungi mkubwa, natoka nje nikasimame na madereva. Zuwena, bibi yake wa kumzaa mama yake, hukaa mbele kabisa, anatafuna korosho, ananicheka. Ana haki yake. Yeye siku ile alikuwa amelala.