Simu ya Mama Mkwe

Mume wangu si mlevi, si mgomvi, na Jumapili anaimba besi kanisani. Ugonjwa wake ni pari, kubashiri mechi kwa simu. Serikali imeruhusu, mabango yamejaa hadi mbele ya parokia, donc, basi, ukimsema mtu unaonekana wewe ndiye mwenye wivu. Majeruhi wa timu za Ulaya aliwajua kuliko meno ya watoto wake.

Vita vilipopamba moto tena Kivu ya Kaskazini, mama yangu alikuwa bado huko huko, Lubero. Sisi Kisangani tulikuwa na simu moja, ya mume wangu, maana yangu ilikuwa imekufa. Mama alipiga mara chache. Kwetu mama mkwe hamsumbui mkwe: anapiga mara moja, basi. Mume wangu alilijua hilo tangu siku ya mahari.

Jioni moja alirudi na kuku wa kuchoma, anacheka peke yake. Tikiti yake ya pari ilikuwa imeingia. Tukala na lituma, ndizi ile ya kutwanga, watoto wakalamba vidole. Alipokuwa anatafuna ndipo akasema:

"Mama yako alipiga. Ilikuwa dakika za mwisho za mechi, nikakata. Atapiga tena."

"Hapigi tena, papa," nikamwambia mume wangu. "Unamujua."

Nikachukua simu, nikapiga. Haikupatikana. Kesho yake pia. Nilikasirika, lakini kuku alikuwa ameshaliwa.

Baada ya wiki kama mbili, jirani wa mama alishuka kwenye lori, miguu imevimba, akatutafuta mpaka nyumbani. Nikampa maji. Akatuambia nafasi aliyokalia ndani ya lori ilikuwa ya mama. Dereva alikuwa amemuuliza mama kama kuna mtu wa kumpokea Kisangani.

"Akasema, ngoja kwanza niombe kwa mukwe," jirani alisimulia. "Simu ikakatwa. Akaniambia: bon, mukwe amejibu, nyumba yao iko ndogo. Panda weye."

Mume wangu alikuwa amekaa pale pale. Lori lingine halikutoka, barabara ilifungwa.

Mpaka leo hatujamsikia mama, na uchungu haujanitoka. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo mume wangu analijua, lakini pari hajaacha. Ila simu ikilia katikati ya mechi, anainuka mbele ya wanaume wenzake, na kabla hajatazama ni nani anasema, "Mama, karibu, nafasi iko." Mara nyingi ni kampuni ya simu, sauti ya kurekodiwa, inamuuzia salio.