Nukta Tatu Nilizozikataa

Nilisikia kwanza kibati cha tundu la barua mlangoni kikigonga, kisha kitu chepesi kikitua juu ya zulia la ukumbini. Nilikuwa ghorofani, bado juu ya msala, namaliza dhuha, na sikuhitaji kuona ili nijue. Bili huanguka kwa kishindo. Barua yake ilitua kwa sauti ndogo, kama mtu anayeweka sahani chini asimwamshe mgonjwa. Nilikatisha uradi wangu, Mungu anisamehe, nikateremka ngazi mbili mbili katika nyumba ya shangazi yangu kule Edmonton, London, na kabla ya kuiokota nikaifuta mikono kwenye kanzu.

Tulikuwa wanafunzi sote wawili. Yeye, binti niliyekusudia kumwoa, alikuwa Unguja, mwaka wa mwisho wa chuo, akisomea sheria za dini. Mimi nilikuwa London nikisomea barua. Kila siku nilipanda treni hadi chumba cha nyaraka, nikavaa uso wa unyenyekevu, nikaletewa makaratasi ya karne ya kumi na tisa: Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, wino umegeuka rangi ya chai. Nilikuwa nikiyatafutia shahada, na kwa siri nikiyaibia riwaya yangu ya kwanza.

Kati ya makaratasi hayo mlikuwa na barua za kijana aliyekwenda mbali kutafuta elimu, na za binti wa mwalimu wake, aliyebaki akisoma kwa baba yake. Waliandikiana miaka sita kuhusu udhu wa msafiri na saumu ya kulipa. Neno la mapenzi halimo hata moja. Lakini katika barua moja binti anauliza: mtu akikumbukwa ndani ya sala, je, sala inabatilika? Niliposoma hapo nilimwomba msimamizi ruhusa, nikaenda chooni kunawa uso.

Kisa hicho nilimsimulia yeye kwa simu. Wakati huo bado tukizungumza kwa simu, mpaka siku aliposema sauti yangu inamfuata hadi kwenye rakaa, na kwamba anaona haya mbele ya Mola wake. Tukala kiapo. Simu basi. Barua tu, kwa khati ya wazee, herufi zilezile za Kiarabu, mpaka nitakapomaliza masomo nilete watu wangu kuposa. "Hata baba akiifungua," alisema, "asione neno la kumwinamisha kichwa."

Katika barua yake ya mwanzo aliandika v kwa herufi ya fa yenye nukta tatu juu, kama wanavyoandika watu siku hizi. Nilimrekebisha. Nilimwandikia ukurasa mzima kwamba wazee hawakuwa na nukta hizo. Fa moja iliwatosha kwa f na kwa v, na msomaji mwenye akili alijua mwenyewe. Akanijibu: "Sawa, sheikh wa London. Nimezifuta." Nilifurahi kwa ujinga niliouona ni elimu.

Sasa barua hii ya ukumbini. Ilikuwa fupi kuliko zote. "Nyumba imejaa watu tangu juzi. Bibi hali yake si nzuri. Nimefikwa. Sikuwa na la kusema mbele yao. Ukiwa una neno, lilete kwa baba, lisichelewe."

Nilikaa kwenye ngazi. Bibi yake ndiye aliyemlea, na alikuwa akiumwa tangu mfungo. Nimefikwa: umemfika msiba. Niliwaza nimpigie, nikakumbuka kiapo. Na mtu aliyefiwa hasumbuliwi. Niliandika taazia mbili, yake na ya baba yake, kwa adabu yote niliyojifunza kwenye makaratasi yale: kwamba hii ni amri ya Mungu, haina pingamizi, wapokee kwa subira. Nilitafuta maneno mazuri. Yale ya baba niliyanakili mara tatu ili khati inyooke.

Shangazi aliporudi kazini nilimwambia. Yeye huhudumia wazee majumbani mwao, huwaosha na kuwalisha, na habari ya kifo cha mzee haimpiti hivi hivi. "Si upige simu, mwanangu?" aliuliza mara moja tu. Jumapili akapika wali, akawaita wanawake wa Kipemba wa mtaa wa pili, tukasoma khitma.

Wiki tatu kibati hakikugonga isipokuwa kwa bili. Kisha ikaja barua ya pili.

"Taazia yako imefika, na ya baba imefika. Bibi yu hai, leo amekunywa uji. Sikujua kama heri yangu kwako ni msiba. Na kama ni msiba, hukuwa na jingine la kumwambia baba isipokuwa kejeli? Amekwishawapa wale neno. Nikahi ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mke wa mjomba wangu anasafiri kutoka huko, mpe barua zangu zote. Si halali zikae kwako."

Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, sikuielewa. Shangazi alinikuta jikoni na barua zote mbili mezani. Alikuwa bado na viatu vya kazi.

"Nipe mie hiyo ya kwanza." Aliisogeza mbali na macho. Alisoma chuo cha Kurani Pemba miaka minne tu, kabla hawajakimbia. "Nyumba imejaa watu tangu juzi. Bibi hali yake si nzuri. Nimevikwa..."

"Nimefikwa," nikamsahihisha.

"Nani kafikwa? Kavikwa huyu. Pete! Nyumba imejaa watu, ndio watu wa posa hao. Weye ulidhani wamekuja kuzika?"

"Hakuna nukta tatu, Shangazi."

"Nukta ya nini? Mtoto wa kike anakwambia kavikwa pete, fanya hima ulete neno kwa baba yake, weye unamjibu Inna lillahi!" Kicheko kilimponyoka puani, akakiziba kwa kiganja. "Tumemsomea khitma mtu mzima, na mwenyewe mzima! Na wali wangu ule!"

Kisha akaniona, akaacha kucheka. Akavua viatu, kimoja kimoja.

"Mpigie baba yake," nilisema. "Sasa hivi. Mwambie tunaleta posa."

"Kashatoa neno."

"Nikahi bado."

"Msomi ni weye. Posa juu ya posa ya Muislamu mwenzio, hukumu yake nini?"

Ni haramu; nilikuwa naijua hukumu hiyo tangu nina miaka kumi. Niliijua kwa Kiarabu chake na kwa sharhi zake. Na bado nilipiga magoti juu ya sakafu ya jikoni nikamshika mkono, nikamwambia sijali, piga, na nilipolisikia neno "sijali" likitoka kinywani mwangu nikaogopa, lakini sikulirudisha.

Alipiga. Walisalimiana kwa muda mrefu, afya, mvua, bei ya karafuu. Nilimsikia Shangazi akisema kijana wetu ana aibu kubwa, amekosea kusoma. Akaitegesha simu nami nisikie. Kisha mzee yule akasema, kwa upole ulioniua: "Mwambie kijana alitupa pole, nasi tumeshapoa." Akaaga.

Mke wa mjomba wake alikuja Jumamosi mchana kutoka Hounslow, amevaa koti la kazi ya uwanja wa ndege. Hakutaka chai. Nilimletea barua zimefungwa kwa uzi, na juu kabisa nilikuwa nimeweka karatasi moja, neno moja katikati: Ngoja.

Alizipokea kwa mikono miwili. "Zote hizi?"

"Zote."

"Na hii ya juu, khati yake au yako?"

"Yangu."

"Basi itoe, baba. Mie nimetumwa zake."

Niliitoa. Uzi ulikaza, Shangazi akatazama pembeni. Niliikunja nikaishika kiganjani.

"Angalau mwambie nilisoma vibaya," nilisema. "Hilo tu. Mwambie sikumkejeli."

Alinitazama kama mtu anayepima uzito wa sanduku la safari. Nilidhani atakubali.

"Nitamwambia," alisema, "akishaolewa. Kabla ya hapo itakuwa ni posa."

Alizitia barua ndani ya koti, akafunga zipu mpaka shingoni. Akamuaga Shangazi, akaniombea heri ya masomo. Nilimfuata hatua mbili, nikasimama. Akatoka, akauvuta mlango kwa nje mpaka kitasa kikalia.